Filta ya Kumpandishia Baba Mkwe

Jioni nyingi za mwaka ule nilikuwa nakaa kwenye kochi nikitazama picha za filta za hewa za pikipiki kwenye simu. Nilizikuza kwa vidole viwili mpaka nikaona mikunjo ya kitambaa chake, nikashusha pumzi, nikaenda kwenye picha nyingine. Siku moja mume wangu alisema kama ningekuwa namwangalia mwanamume mwingine, angalau angejua wa kupigana naye. Nilimwambia anyamaze, nilikuwa nasoma upana wa mdomo wa filta.

Pikipiki ni yangu. Nalisema mapema kwa sababu pale Morogoro mtu akiniona nimeipanda, swali lake la kwanza ni ya nani, na la pili ni mwenyewe yuko wapi. Ninanunua stroberi, njegere na karoti kwa wakulima wa Nyandira, juu milimani, nazishusha mjini kabla jua halijakolea, nawauzia wenye hoteli na walimu wa chuo kule Mazimbu. Njia ya Mgeta naijua kona kwa kona. Najua wapi maji ya mvua yamechimba na wapi mbuzi hulala katikati ya barabara na hawana haraka na mtu. Hasira zangu ziko karibu na mdomo wangu haukai kimya, lakini nikishika usukani nakuwa mtu mpole kabisa. Mume wangu anaogopa pikipiki kuliko anavyoogopa nyoka, lakini kwa ajili ya upole huo husema afadhali ningeishi juu yake.

Nyumbani kwa baba yake barabara haifiki. Ukiipita Nyandira unafuata njia mpaka chini ya kilima ambacho madereva wa bodaboda wamekibatiza Shuka, kwa sababu ndilo neno ambalo kila abiria hulisikia akifika pale. Pikipiki yenye dereva peke yake inapanda kwa shida. Ikiwa na abiria inafika kona ya pili, inaishiwa nguvu, inazimika, na hapo mnaanza kurudi nyuma mkiwataja watakatifu wote mnaowafahamu. Basi abiria anashuka, anapanda kwa miguu yake, na dereva anamsubiri juu. Ilikuwa hivyo kwa kila mtu, hata padri.

Baba mkwe miguu alikuwa nayo, ila magoti yalikuwa yamegoma. Alikuja kwetu mjini kutafuta matibabu, akakaa akisubiri nafuu, na nafuu ikawa inakuja nusu nusu. Kwenye ardhi tambarare alitembea na fimbo yake vizuri tu. Kilima kilimshinda.

Nyumba yetu ni ndogo, na ukwe wa kwao ni mzito. Mimi wazazi wangu walikuwa watumishi wa serikali, nimekulia kota, na kwetu baba mkwe ni mzee wa kuamkiwa na kuandaliwa chai, basi. Kwake yeye, mke wa mwanawe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Hamkai kiti kimoja, hampeani kitu mkono kwa mkono, na maneno hayatoki kinywani mwake yakaja moja kwa moja sikioni mwangu. Nikisema "Shikamoo, baba" kutoka mlangoni, alijibu "Marahaba" akitazama ukuta. Mengine yote aliyapitisha kwa mume wangu, na mume wangu asipokuwepo, aliyapitisha kwa kuku.

Kuku wangu walijua mambo mengi. "Nyie kuku," alisema akiwa barazani, kwa sauti ya kunifikia jikoni, "mwenye nyumba akitoka, mwambieni chai ya leo ilikuwa na tangawizi ya kutosha." Nami nikajibu kwa njia ile ile: "Kuku, mwambieni baba kuna nyingine kwenye chupa." Tuliishi hivyo, na kusema kweli tulielewana kuliko watu wengi wanaotazamana usoni.

Lakini njegere zilipoanza kutoa maua kule juu, mzee alibadilika. Sahani alianza kuisogeza pembeni kabla haijafika nusu. Alikaa akiitazama safu ya Uluguru pale mawingu yanapoegemea, na kuku wakaanza kupewa habari ambazo sikupenda kuzisikia. "Mzee wenu atafia kwenye joto hili," aliwaambia. "Matuta yake yanabomoka, na nyumba yake wamehamia panya." Mume wangu akawapigia simu ndugu zake. Walisema wako tayari kumpokea chini ya Shuka na kumpandisha kwa machela. Mzee alikataa kabla maneno hayajaisha. Machela inambeba mahututi au maiti, alisema, na yeye si mmoja wao. Atafika mlangoni kwake ameketi kama watu wanavyoketi. Ikishindikana, haendi.

Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza, na moyo wangu ukaruka. Nilitoka na mwiko mkononi, ugali nimeuacha ukiungua.

"Kuku," nikasema, "mwambieni baba nitampeleka mimi. Mpaka mlangoni."

 Mume wangu alinitazama kama mtu aliyesikia mkewe anagombea ubunge. Mzee aliwageukia kuku.

"Muulizeni," akasema, "kama anakijua kile kilima."

Habari zilitutangulia mlimani. Shangazi wa mume wangu, dada wa mzee, anaishi kule juu jirani na nyumba ya kaka yake, na ndiye mlinzi wa desturi za ukoo mzima. Alipiga simu siku ile ile. Hakukataa, kwa sababu hakutaka kaka yake azimikie mjini, ila alitoa masharti, na aliyasoma kama matangazo ya misa. Kati yangu na mzee kuwe na tenga. Suruali mbele ya mkwe hapana, na kama pikipiki inailazimisha, basi kitenge kije juu yake na kishuke mpaka kwenye vifundo vya miguu. Na njiani kusiwe na maongezi kati yetu. Nilisema ndiyo, shangazi, ndiyo, shangazi, ndiyo, shangazi. Akili yangu ilishafika kwenye kabureta, pale hewa na petroli vinapochanganyika.

Fundi wangu ana kibanda kando ya barabara ya Mazimbu. Ni mtu wa makamo, mpole wa sauti na mbishi wa roho. Sproketi kubwa ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, alishanifungia zamani kwa ajili ya mizigo, na injini ilikuwa nzima. Nilipomweleza safari yenyewe, na abiria mwenyewe, aliifuta mikono yake polepole kwa kitambaa.

"Kilichobaki ni pumzi," akasema. "Kule juu hewa ni nyepesi. Petroli inaingia ile ile, hewa pungufu. Ni kama unamlisha mtu huku umemziba pua. Na hili boksi la filta la kiwandani linapumua kwa tundu la sindano."

Hapo ndipo raha yangu ilipoanza. Mtu ambaye hajawahi kuchagua kitu cha pikipiki yake hajui ninachosema. Kwa muda wote uliofuata niliamka asubuhi nikiwa na furaha isiyo na sababu, kisha nikakumbuka sababu yake ni filta. Kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kulitoboa boksi lile lile matundu ubavuni, njia ya watu wasiotaka makuu. Ya pili ni filta ya sponji, inayolowekwa oili na kukamuliwa, ambayo fundi wangu aliisifia kila nilipopita. Ya tatu ni ile niliyokuwa naitazama kila jioni kwenye simu: filta ya koni, isiyo na boksi, inayochomekwa moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta na kukaa wazi ubavuni chini ya siti.

Niliiona kwa macho kwenye duka la spea karibu na soko kuu. Ilikuwa na ukubwa wa nanasi changa la Kinole, kitambaa chekundu kimekunjwa mikunjo mikunjo ndani ya wavu wa chuma, na kofia ya kung'aa kichwani. Niliigeuza, nikapuliza ndani yake, hewa ikapita kana kwamba hakuna kitu. Muuzaji aliniuliza kama namnunulia mume wangu. Nilimjibu kwamba mume wangu akitaka zawadi nitampelekea shati.

"Hiyo ni ya vijana wa kupiga kelele," fundi alisema nilipoiweka mezani pake. "Vumbi la Langali likiingia humo, pistoni itasagika kama karanga."

"Na sponji?"

"Sponji ina adabu."

"Adabu haipandi Shuka."

"Mchagua jembe si mkulima," akanijibu, na nikakasirika kweli kweli, nikamwambia mimi kilima nakijua na yeye hajawahi kukiona, na kwamba tutazipima zote, moja baada ya nyingine, kisha mlima ndio useme. Alicheka. Nadhani alikuwa anasubiri niseme hivyo, kwa sababu bisibisi ilikuwa tayari mkononi.

Tulipimia kwenye njia ya kupanda Morningside, juu ya nyumba za mwisho za mji, pale inapokuwa ngumu. Tatizo la kwanza lilikuwa uzito wa mzee. Mimi kumuuliza haiwezekani, na kuku hawakujua. Mume wangu alimkumbatia baba yake kwa kisingizio cha kumsaidia kuinuka, akaja jikoni akaninong'oneza: gunia la mchele lisilojaa. Basi nikachukua gunia la mchele wa Dakawa, nikalipunguza, nikalifunga kwa mipira kwenye siti ya nyuma. Mbele ya gunia nikaweka tenga, na ndani ya tenga kuku wawili, kwa sababu nilishaamua kwamba shangazi lazima apelekewe kuku. Nilikuwa makini kupita kiasi. Nikavaa jinzi yangu ya kazini na helmeti, nikaenda.

Boksi la kiwandani lilizimika mahali nilipotegemea. Boksi la matundu lilisogea mbele kidogo, likazimika kwa heshima. Sponji, lazima niseme haki, ilifika juu, lakini kwa gia ya kwanza na kwa kulia njia nzima, na kule Shuka ni kukali zaidi. Halafu tukafunga koni. Mwanzoni ilikohoa vibaya, hewa ilikuwa nyingi kuliko petroli. Fundi akafungua kabureta, akatoa jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli, akaweka yenye tundu kubwa kidogo.

"Chini itakohoa," alisema. "Ukifika juu, hewa ikipungua, itatulia."

Nikavuta mafuta. Ee Mungu wangu! Pikipiki ilivuta hewa kwa sauti nene ambayo sikuwahi kuisikia, ikanyanyuka chini yangu, na pale sponji ilipokuwa inalia mimi niliingiza gia ya pili. Gia ya pili, na gunia, na tenga, na kuku wakipiga kelele ndani yake. Nilipiga vigelegele ndani ya helmeti mpaka masikio yangu mwenyewe yakauma. Niliposhuka, fundi aliinama kuitazama ile koni. Alishaanza kufikiri jinsi ya kuilinda.

Tuliifikiria ile filta kama watu wanaotarajia mtoto. Kwa ajili ya vumbi tuliivalisha soksi ya nailoni, zile nyepesi za kike, nilizotoa sandukuni kwangu. Kwa ajili ya mvua ya ghafla ya Mgeta alikata ubavu wa dumu la oili akaufunga juu yake kama kibanda. Kwa ajili ya tope akaongeza kipande cha mpira nyuma ya tairi. Tulifikiria vumbi, mvua, tope, mawe, hata manyoya ya kuku. Tulipomaliza tulikunywa soda tukitazama kazi yetu, na nilikuwa na hakika hakuna kitu chini ya jua ambacho hatukukifikiria.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Mzee alivaa koti lake la kanisani, na rozari ikaingia mfukoni. Mimi nilivaa jinzi, na juu yake kitenge kipya cha maua ya njano, nimekifunga fundo mara mbili kiunoni kama shangazi alivyoagiza. Mume wangu alimpandisha baba yake, akamvalisha helmeti, akalibana tenga la kuku katikati yetu, akaikagua mipira yote mara kwa mara mpaka nikamwambia atuache, tunachelewa.

"Kuku," mzee alisema tulipoanza kusogea, "mwambieni asikimbie."

Mjini pikipiki ilikohoa kama fundi alivyosema, na watu wa vituo vya bodaboda walinitazama kwa huruma. Sikuwajali. Tulipoiacha lami Sangasanga na kuanza kupanda, ilianza kubadilika. Kikohozi kikapungua. Hewa ikawa ya baridi, harufu ya udongo mbichi ikaja, na kila tulipopanda injini ilizidi kutulia, kama mtu aliyetoka kwenye chumba cha moshi. Nilikuwa nataka kumwambia mzee, sikia, baba, sikia inavyopumua, na sikuruhusiwa. Ilibidi furaha yote niipeleke kwenye mkono wa kulia.

Yeye naye alikuwa na ya kwake. Nyuma ya tenga nilimsikia akiwaonyesha kuku njia. Aliwaambia mto ule alikuwa anavua kaa akiwa kijana. Aliwaambia kona ile lori la kabichi lilipinduka, na watu walikula kabichi mpaka wakazichukia. Kufika Langali alikuwa anaongea bila kupumzika, mtu ambaye mjini alikuwa anamaliza siku kwa maneno machache, na nilijua kwamba nikimrudisha kutoka chini ya kile kilima hataongea tena. Hicho ndicho kitu pekee kilichonitia hofu.

Chini ya Shuka madereva walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao. Walipotuona walisimama.

"Mshushe mzee, mama," mmoja alisema. "Shikamoo, babu. Hapa tunashuka."

"Marahaba," mzee alijibu. Hakusogea.

"Dada, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma," akasema mwingine, na wenzake wakacheka. Nilihisi hasira zangu zikipanda, nikazipokea kwa mikono miwili, maana nilizihitaji. Nikaingiza gia ya kwanza.

Kona ya kwanza tuliipita kama hakuna kitu. Kona ya pili, mahali ambapo kila pikipiki ilikuwa inafia, ilikuja, ikainuka mbele yangu nyekundu na kavu, nikavuta mafuta mpaka mwisho, na ile sauti nene ikatoka, na tukapita. Tulipita! Chini nilisikia watu wakipiga mbinja. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Mbele yetu ilibaki kona moja tu, ile iliyo wazi upande wa bonde, ambako upepo unakuja moja kwa moja kutoka chini.

Hapo injini ikabanwa. Haikupungua nguvu polepole, ilibanwa ghafla, kama mtu amewekewa kiganja mdomoni. Nikavuta mafuta, ikazidi kukohoa. Nikakanyaga breki, nikatoa gia, nikaweka mguu mmoja chini, nikashika na breki ya mbele, tukasimama pale katikati ya mwinuko, mbele anga na nyuma bonde. Injini haikuzima, lakini kila nilipoiongezea mafuta ilikuwa inataka kufa. Nikawaza jeti. Nikawaza soksi imejaa vumbi. Nikawaza shangazi ameniombea vibaya. Kuangalia nyuma sikuweza, nikilegeza mkono tu tunarudi chini.

"Kuku," nilisikia nyuma yangu, "mwambieni mama..." Kisha kimya. "Kuku, kuna kitu hapa..." Kimya tena. Kuku wenyewe walikuwa wamelala chini kwa woga, hawana habari.  Nilishaona atashushwa, atakaa kwenye jiwe, vijana watakuja na machela, naye atasema geuza.

"Mama."

Hakuwa amewahi kuniita. Nilijua kwa sauti ile kwamba haongei na kuku.

"Naam, baba."

"Nguo yako imeziba pumzi ya pikipiki."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, na nikapata joto mwili mzima. Upepo wa bonde ulikuwa umekiinua kitenge, na ile koni yetu nzuri, iliyokaa wazi ubavuni, ikakivuta na kukikumbatia. Kila nilipoongeza mafuta ilikuwa inakivuta zaidi. Kwa majaribio yote yale nilikuwa nimevaa jinzi tupu. Tulikumbuka hata manyoya ya kuku. Heshima peke yake ndiyo tuliyoisahau.

Naye mzee alikuwa ameliona tangu kikohozi cha kwanza. Ila jambo lenyewe lilikuwa nguo ya mke wa mwanawe, ambayo mkwe haioni, sembuse kuitaja.

"Ivue," akasema. Halafu kwa haraka: "Nimefumba macho."

"Mkono wa upande huo umeshika breki, baba. Siwezi kuuachia."

 Nilisikia tenga likisogea. Mkono wake ulipita pembeni ya tenga, ukapapasa hewani mbali na mimi kadiri ulivyoweza, ukapiga tanki, ukapiga siti, ukaupata upindo wa kitenge. Akavuta. Kitambaa kiliachia, na injini ikapumua kwa nguvu mpaka pikipiki nzima ikatikisika. Mimi nikafungua fundo kwa mkono wa kushoto, nikimlaani shangazi kwa yale mafundo mawili, mpaka likaachia, na mzee akakivuta chote kutoka kwangu. Nikabaki na jinzi yangu, mbele ya mkwe wangu, mchana kweupe, katikati ya Shuka.

"Haya," akasema. "Twende."

Nikaingiza gia. Sijawahi kupanda kitu kama nilivyopanda kile kipande cha mwisho. Tairi la nyuma lilirusha mawe, mlima ukawa unateremka chini yetu, na mzee nyuma yangu alikuwa anasema "Haya, haya, haya," kwa sauti inayopanda, na hakuwa anawaambia kuku. Njia ikalala. Migomba ikatokea, kisha bati la nyumba yake. Nilisimama mlangoni kabisa, tairi la mbele likigusa ngazi, kwa sababu niliahidi mlangoni.

Shangazi alikuwa uani. Alimtazama mkwe mwenye suruali. Akamtazama kaka yake, ambaye alikuwa amekizungusha kitenge cha maua ya njano shingoni, ncha zimening'inia juu ya koti la kanisani. 

"Nilisikia baridi," mzee akasema.

Alishuka mwenyewe, akachukua fimbo yake, akasimama kwanza. Hakuingia ndani. Alizunguka nyumba mpaka kwenye matuta yake, ambayo shangazi alikuwa ameyapanda njegere, akainama kadiri magoti yalivyomruhusu na kuingiza vidole kwenye udongo. Maua yalikuwa meupe kila mahali. Nilibaki pale kwenye pikipiki, injini ikilialia kwa joto, machozi yananitoka, na nilifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu, arusi ikiwamo. Mume wangu analijua hilo, nilimwambia.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Misa ya kwao ni chini, ng'ambo ya Shuka, na parokia nzima huwa inakuwepo pale nje kabla kengele haijagonga. Nilivaa kitenge, safari hii nimekibana miguuni kwa vipande vya mpira. Kuku walishahamia kwa shangazi. Nililifunga tenga likiwa tupu, mahali pake pale katikati ya siti, shangazi akiwa amesimama mlangoni anahakikisha.

Mzee alitoka na koti lake na rozari. Alilitazama tenga. Akafungua mpira upande mmoja, akazunguka na fimbo yake, akafungua wa pili, akalishusha na kuliweka chini kwenye ngazi.

"Tenga tupu la nini," akaniambia, akinitazama. "Linaongeza uzito."

Tulikuwa tunateremka. Kwenye mteremko uzito hausumbui, na yeye aliyepanda na kushuka kile kilima maisha yake yote alilijua hilo kuliko mimi. Nilimtazama shangazi. Shangazi aliliokota tenga, akaingia nalo ndani.

"Kweli, baba," nikasema, nikashika breki mpaka akakaa vizuri na kunishika bega.